Ukocha au parachichi baada ya kutundika daluga?

Kila msimu ukiisha vijiweni Mwanjelwa, Mbeya, mjadala ni uleule, mchezaji akistaafu aende ukocha au akalime?

Tuanze na mtaji. Leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka Afrika, zinapanda D, C, B, A mpaka Pro, na kila hatua ni ada, nauli na siku za kuiacha familia. Parachichi inataka ardhi na miche ya aina ya Hass, halafu hapo ndo wengi wanakwama maana mti unakula kama miaka 3 hivi kabla haujaanza kukulipa, sasa kama hela ya usajili uliishaimalizia kwenye gari utakula nini? Viazi vya Uyole miezi 3 au 4 unavuna, ila bei yake we acha tu.

Uhakika wa kipato: kocha akifungwa mechi tatu mfululizo mabegi yako getini. Ila jina linabeba, Selemani Matola alikuwa nahodha wa Simba akaja kuwa kocha msaidizi palepale. Shamba halikufukuzi, lakini ukimwachia shemeji Rungwe we uko Dar unaletewa hadithi tu, mara mvua, mara wezi.

Na magoti jamani! Goti bovu halipendi jembe, kocha yeye anapiga kelele pembeni.

Mi naona mwenye shamba la wazee Tukuyu na akiba kidogo apande. Asiye na kitu ila anajua kuusoma mpira aanze na leseni D na madogo wa mtaani, kipato kidogo ila kinaanza mapema.