Uzoefu wangu: silinda mpya ya swichi ya gari, na kilichokosekana kwenye seti

Kwa wiki kadhaa ufunguo uliingia vizuri lakini ukakataa kugeuka. Nautikisa, nauzungusha usukani kidogo kushoto na kulia, ndipo unakubali. Ufunguo wa akiba, ambao haujatumika sana, ulinisaidia siku chache, kisha nao ukaanza kugoma. Hapo nikajua kilicholika si meno ya ufunguo tu, bali na vibati vya ndani ya silinda, yaani sehemu ya swichi ambamo ufunguo huingia na kugeuka. Swichi ya umeme iliyo nyuma yake sikuigusa: kila ufunguo ulipogeuka, taa za dashibodi ziliwaka na stata ikapiga papo hapo. Usinunue vyote viwili kabla ya kujua kibovu ni kipi.

Nilinunua seti ya silinda yenye funguo 2. Kwanza nilichomoa waya hasi wa betri na kusubiri zaidi ya dakika 10, kwa sababu usukani una mfuko wa hewa, na saketi yake hubaki na chaji kwa muda hata betri ikitolewa. Tafadhali msiharakishe hapa. Kava za plastiki zilitoka bila shida.

Kazi iko kwenye pini. Silinda ya gari langu inashikiliwa na pini ndogo ambayo haibonyei mpaka ufunguo ugeuzwe hadi alama ya ACC (hatua ya kuwasha redio bila injini). Nilihangaika karibu nusu saa, bisibisi nyembamba mkono mmoja na ufunguo mkono mwingine, mpaka ikaachia. Ndiyo maana nawasihi mbadilishe mapema, ufunguo ukiwa bado unageuka. Ukigoma kabisa, fundi atalazimika kuitoboa silinda kwa drili. Kwenye baadhi ya magari atang'oa loki nzima ya usukani, nayo imefungwa kwa bolti ambazo vichwa vyake hukatika makusudi zikikazwa, ili mwizi asizifungue.

Silinda mpya iliingia bila kulazimishwa. Ufunguo unageuka laini, ukiuachia baada ya stata unarudi wenyewe, na ukiuchomoa usukani unajifunga. Nilijaribu yote haya kabla ya kurudisha kava.

Lawama yangu ni kwa maelezo ya muuzaji: hayakutaja popote kwamba funguo hazina chipu, kile kidude cha kielektroniki ambacho gari hutambua nacho ufunguo wake. Injini iliwaka, ikazimika baada ya sekunde chache. Nikausogeza ufunguo wa zamani kwenye pete ya antena inayozunguka tundu, ikawaka na kutulia. Kumbe silinda ilikuwa sawa, imobilaiza, yaani mfumo unaozima injini usipoitambua chipu, ndiyo iliyokuwa inaitafuta chipu yake. Fundi wa funguo alihamisha chipu ya zamani kwenye ufunguo mpya, na tangu hapo gari halijanisumbua.

Milango bado inafunguliwa na ufunguo wa zamani, kwa hiyo natembea na funguo mbili. Ningejua mapema, ningempelekea fundi huyo silinda mpya aipange vibati vyake vifuate ufunguo wangu kabla sijaifunga.