Intaneti ya nyumbani: kasi ninaipata, utulivu siupati

Nimetumia intaneti ya faiba ya kampuni moja kwa zaidi ya mwaka, nikiitegemea kwa kazi zangu zote, na ninaweza kusema bila kigugumizi kwamba kasi wanayoitangaza si ya uongo. Kifurushi changu ni cha megabiti 40 kwa sekunde, sawa na megabaiti 5, na karibu kila ninapopima ninaikuta kasi hiyo. Kilichonishinda ni kukatika. Mawasiliano yalikuwa yakipotea kwa sekunde chache, yakarudi, yakapotea tena. Mtu anayetazama filamu huenda asitambue lolote, kwa kuwa kifaa chake huwa kimekwisha kupakua sehemu inayofuata. Lakini anayeongea kwenye mkutano wa video huganda mdomo ukiwa wazi, na sauti inaporejea wenzake wako kwenye ajenda nyingine.

Wahudumu wa simu ni wapole, hilo lazima niliseme. Ushauri wao wa kuzima ruta na kuiwasha tena nao hauna ubaya, kwa sababu mara nyingine husaidia kweli. Kinachoudhi ni kwamba kila simu huanza upya: namba ya malalamiko unapewa, lakini anayepokea simu inayofuata hana habari nayo, anakuuliza yale yale, anapima kasi akiwa huko huko kwake, anaiona nzuri, kisha unatumiwa ujumbe kwamba tatizo limetatuliwa ilhali ruta yako bado inahangaika. Ombi la kuwapa nyota, kwa upande wake, halichelewi kamwe.

Mambo yalibadilika nilipoacha kueleza na kuanza kuonyesha. Niliunganisha kompyuta na ruta kwa waya, ili asitokee mtu wa kusingizia waifai na kuta za nyumba, kisha nikaendesha amri ya ping, inayotuma ujumbe mdogo na kupima kama jibu linarudi na baada ya muda gani, kwa saa kadhaa kuelekea sehemu mbili kwa pamoja: ruta yenyewe, na 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya seva ya DNS ya umma ya Google, yaani kompyuta inayotafuta anwani za tovuti kwa majina yake. Ruta ilijibu papo hapo bila kukosa, lakini majibu kutoka nje yalikuwa yakipotea kwa mafungu, jambo lililomaanisha kwamba hitilafu iko upande wa pili wa ruta. Niliwatumia kumbukumbu hiyo kwa maandishi, ikiwa na saa za kila tukio, nikaomba fundi badala ya maelezo. Fundi alikuja, akapima nguvu ya mwanga kwenye waya, akakuta ni hafifu mno. Waya ulikuwa umekunjwa vibaya ndani ya kisanduku cha nje, na faiba ikikunjwa sana mwanga huvuja pale kwenye kona. Kazi yenyewe haikumchukua muda mrefu. Miezi ya simu na misamaha, kwa ajili ya kona moja ya waya!

Kukatika kumekoma, lakini jioni muda wa majibu bado unapanda kutoka milisekunde chache hadi mamia, na hapo sidhani kuna waya wa kunyoosha. Katika GPON, mfumo wa faiba unaotumika sana majumbani, wateja 32 au zaidi hugawana njia moja yenye takribani gigabiti 2.5 kwa sekunde, na zaidi ya hapo kuna njia nyingine ambazo kampuni hugawanya ipendavyo. Nilipouliza juu ya hilo nilijibiwa kwamba kasi yangu ni nzuri.

Kwa sasa nina ruta ndogo ya laini ya simu kwa ajili ya mikutano ya jioni, na mafaili makubwa ninayapandisha alfajiri. Ninaipa huduma hii nyota mbili kati ya tano: moja ni ya kasi, nyingine ni ya yule fundi. Ya tatu ningeitoa kwa furaha siku mhudumu atakapopokea simu yangu akiwa tayari amesoma malalamiko yaliyotangulia.