Big Al, gitaa lako wasilikaze nyuzi

Januari 2024 tulikwenda kuwaaga dubu. Onyesho la Country Bear Jamboree pale Magic Kingdom, bustani ya burudani ya Disney huko Florida, lilikuwa linafungwa mwishoni mwa mwezi huo ili lifanyiwe ukarabati, nikaona nimchukue mama mkwe, mgeni wetu kutoka Tanga, tuendeshe kutoka Tampa kabla hatujachelewa.

Dubu 18 wa mitambo, walikuwa wakiimba kantri, muziki wa mashambani wa Marekani, tangu Oktoba 1971. Ninayempenda ni Big Al: tumbo limemwagika, macho yamelegea, gitaa halina mlio hata mmoja ulio sawa, na bado anaimba kwa huzuni ya mtu aliyefiwa. Ukumbi mzima ulikuwa hoi. Kisha dubu wa kike, Teddi Barra, akashuka kutoka darini kwenye bembea yake ya maua. Mama akanishika mkono: "Mwanangu, kamba hiyo wameikagua lakini?"

Walirudi kiangazi cha 2024, sasa wakiimba nyimbo za filamu za Disney kwa mahadhi ya kantri. Kabla ya hapo wenzangu wapenzi wa onyesho hili waligawanyika; wengine waliongea kama vile kuna msiba. Mimi nilisubiri kwa hamu. Mwanangu wa miaka sita alishinda akichezea kamba za viatu, kwa sababu zile nyimbo za zamani hakuzijua hata moja. Akisikia wimbo anaoujua, ataimba nao.

Nyota nne. Ya tano nimemwekea Big Al, ila wakilikaza lile gitaa siitoi.