Uzoefu wangu: kusoma uhandisi wa usanifu wa bidhaa nchini Uskoti

Nilihitimu shahada ya kwanza ya uhandisi wa usanifu wa bidhaa katika chuo kikuu kimoja cha Uskoti, na tangu nirudi Arusha wazazi na vijana wa kidato cha sita wamekuwa wakiniuliza kama masomo hayo yanastahili gharama yake. Jibu langu ni ndiyo, kwa masharti, na masharti hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa kwa urefu, kwa sababu vitabu vya matangazo vya vyuo huonesha picha nzuri za vitu vilivyokamilika na kusema machache sana kuhusu kazi inayofanyika kabla ya picha kupigwa. Chuo chenyewe sitakitaja, kwa kuwa mengi nitakayoyasema, mazuri na mabaya, nimeyasikia pia kwa wenzangu waliosoma kwingine.

Mwanafunzi wa fani hii hufundishwa hesabu za mhandisi wa mitambo na kazi za msanifu ndani ya shahada moja. Wazo hili si geni. Delft, nchini Uholanzi, usanifu wa viwandani umefundishwa kama uhandisi tangu mwaka 1969. Mwaka 1980 Royal College of Art na Imperial College za London zilianzisha kozi ya pamoja ya uzamili. Na mwaka 1987 Chuo Kikuu cha Glasgow kiliungana na Glasgow School of Art kuanzisha shahada ambayo mwanafunzi wake husoma uhandisi katika taasisi moja na kufanya kazi za studio katika nyingine. Vyuo vingine, kikiwemo changu, hufundisha yote mahali pamoja. Naona mpangilio huo ni jambo dogo. Jambo kubwa ni kama pande hizo mbili zinakutana katika kazi moja ya mwanafunzi, au zinabaki kuwa masomo mawili yanayogombania muda wake.

Miaka miwili ya kwanza humshtua mtu aliyedhani anakwenda kuchora. Hisabati, statiki na dainamiki, nguvu za maada, thamodainamiki, umeme na elektroniki: yote haya tuliyasoma katika kumbi zilezile na wanafunzi wa uhandisi wa mitambo, na kwa mitihani ileile. Aliyesoma mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) hatatishwa na hesabu zenyewe, na naweza kusema bila kusita kwamba kidato cha sita kilinitayarisha vizuri kuliko wenzangu wengi wa pale. Ugumu ulikuwa kwenye studio. Shule zetu hazimzoeshi mwanafunzi kuchora kwa mkono, haraka, mbele ya watu, huku bado anatafuta jibu, ilhali studioni mchoro wa penseli wa dakika mbili huheshimiwa kuliko maelezo ya ukurasa mzima. Tulitakiwa kubandika ukutani mawazo mengi, hata yaliyo dhaifu, kisha darasa zima lisimame na kuyahoji. Kwa mtu aliyelelewa kutoa jibu pale tu anapokuwa na uhakika nalo, zoezi hili huchukua muda kuzoeleka, lakini nalihesabu miongoni mwa mafunzo ninayoyatumia kila siku kazini.

Karakana ndiyo iliyonifanya niipende shahada hii. Kila wazo lililovuka hatua ya karatasi lilipaswa kutengenezwa: kwanza kwa maboksi na gundi, kisha kwa povu gumu la bluu linalokatwa kwa waya wa moto, kisha kwa mbao au kwa printa ya 3D, na mwishowe kwa chuma au plastiki yenyewe ikiwa wazo lilistahili. Karakana ilisimamiwa na mafundi sanifu ambao hawakuwa na vyeo vya kihadhiri, lakini kwangu walikuwa walimu wakuu wa kozi nzima. Fundi mmoja mzee alikuwa na desturi ya kuuchukua mchoro wako, kuutazama kimya, kisha kuuliza bisibisi itapita wapi kuifikia skrubu uliyoiweka kule ndani. Kwenye SolidWorks, programu ya kuchorea vifaa kwa kompyuta, skrubu hukaa popote unapoiweka, kwa kuwa kompyuta haina mkono unaohitaji nafasi. Baada ya kuulizwa hivyo mara kadhaa, mwanafunzi huanza kuchora kifaa kwa kufuata mpangilio wa kukiunganisha, na tangu hapo michoro yake inakuwa ya mtu anayejua kuwa kuna mwingine atakayekifungua, kukisafisha na kukitengeneza.

Kwa upande wa nadharia, somo lililonifungua macho zaidi ya yote ni uteuzi wa maada kwa njia ya Michael Ashby wa Cambridge. Yeye alipanga maada zote kwenye chati kubwa, kwa mfano ugumu wa kutopinda upande mmoja na msongamano upande mwingine, kisha akaonesha kwamba swali la maada ipi ni bora halina jibu mpaka useme kifaa kinafanya kazi gani. Ukitaka boriti nyepesi isiyopinda, unachopaswa kulinganisha ni kipeuo cha pili cha ugumu huo kikigawanywa kwa msongamano. Chuma cha pua cha kawaida na chuma laini vina ugumu wa takriban gigapaskali 200 na msongamano unaokaribia kilo 7,850 kwa mita ya ujazo. Mbao nyepesi, zikipimwa kufuata nyuzi zake, zina takriban gigapaskali 10 na kilo 500 hadi 600 tu. Fanya hesabu na utaona kwamba, kwa kazi hiyo mahususi, mbao zinakishinda chuma kwa kiasi cha mara tatu, na zinaishinda hata alumini. Nilikuwa nimekulia mahali ambapo kitu cha mbao huonekana cha kimaskini na cha chuma huonekana cha maendeleo. Kuliona jambo hilo likipinduliwa kwa hesabu ya mistari miwili kuliniathiri sana, na hadi leo sichagui maada bila kwanza kuandika kazi yake.

Katika mwaka wa mwisho kila mmoja hufanya mradi wake mkubwa, nami nilichagua mbuzi ya kukunia nazi. Msimamizi wangu hakuwahi kuiona, kwa hiyo ilinibidi nianze kwa kueleza kwa nini kifaa hicho ni cha akili nyingi: mkunaji anapoketi juu yake, uzito wa mwili wake ndio unaokishikilia, na hivyo mikono yote miwili inabaki huru kuizungusha nazi kwenye chuma chenye meno. Tatizo nililotaka kulitatua ni kimo. Kiti kiko chini mno kwa mwanamke mwenye maumivu ya magoti au mgongo, lakini ukikipandisha bila kubadilisha kingine chochote, nguvu ya mikono inabadilisha mwelekeo, na mbuzi huanza kutikisika na kutaka kuinuka upande wa nyuma. Hapo ndipo mekanika ya mwaka wa kwanza na mahojiano na watumiaji vilikutana mezani kwangu. Nilichora momenti za kila nguvu, yaani uwezo wake wa kukipindua kiti, nikazungumza kwa simu ya video na mama yangu, shangazi zangu na majirani wa Tanga huku wakikuna, nikapima pembe za magoti na viwiko kutoka kwenye video, kisha nikarudi kwenye hesabu kutafuta urefu wa mguu wa nyuma utakaokifanya kiti kitulie. Sijawahi kufanya kazi iliyonishughulisha akili na moyo kwa pamoja namna ile, na kwa hiyo tu naweza kuipendekeza shahada hii.

Lakini mradi huohuo ulinionesha udhaifu mkubwa wa masomo yale. Vigezo vya alama vilidhani kwamba nyuma ya kila bidhaa kuna kiwanda kikubwa. Tulifundishwa kwa kina namna plastiki iliyoyeyushwa inavyosukumwa kwa shinikizo ndani ya kalibu ya chuma: kwamba kuta za kipande zinapaswa kuwa na unene unaolingana, mara nyingi milimita 2 au 3, kwamba mbavu za ndani ziwe nyembamba kuliko ukuta, la sivyo uso wa nje utabonyea plastiki inapopoa, kwamba pande ziinamishwe digrii moja au mbili ili kipande kitoke kwenye kalibu bila kukwaruzika. Ni elimu nzuri na ninaitumia. Hata hivyo, kalibu moja ya aina hiyo hugharimu maelfu ya pauni, na gharama hiyo huwa na maana pale tu vipande vinapotengenezwa kwa wingi sana. Nilipowasilisha kiti cha mbuzi kilichosanifiwa kwa ajili ya fundi seremala na fundi wa kuchomelea, kwa bapa za chuma zinazopatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi, niliambiwa kuwa sehemu ya utengenezaji ingepata alama zaidi kama ningeonesha kiti cha plastiki ya kalibu. Nilijibu kwa hesabu ya gharama, na jopo liliisikiliza kwa heshima, lakini vigezo vilikuwa vimeshaandikwa.

Jambo hili linaniuma kwa sababu mifano ya kufundishia ipo, na ni mizuri. Jiko la kauri la Kenya, lililotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuboresha wazo la jiko la ndoo la Thailand, lingetosha kuwa mada ya muhula mzima. Kauri imewekwa sehemu ya juu tu, palipo na makaa, ili kuzuia joto lisipotelee ubavuni; bati la nje limebanwa kiunoni na kupanuliwa chini, hivyo jiko halipinduki kirahisi sufuria inapokorogwa; na kazi yote imegawanywa ili wafinyanzi wafinyange kauri na mafundi wa jua kali wakunje bati kwa nyundo na mkasi. Kila uamuzi pale una sababu ya kihandisi na sababu ya mtumiaji na sababu ya mtengenezaji. Katika mihadhara yote niliyohudhuria halikutajwa, na nililiweka mwenyewe kwenye tasnifu yangu. Ninawaomba wahadhiri wa fani hii popote walipo walichukue jiko lile kama somo kamili, wala si kama picha ya mwisho kwenye mada ya nchi maskini.

Kuhusu gharama nitasema wazi. Mwanafunzi wa Uskoti hutozwa ada ya pauni 1,820 kwa mwaka, ambayo kwa kawaida hulipiwa na serikali yake. Mwanafunzi kutoka nje, kwa shahada za uhandisi, mara nyingi hutozwa zaidi ya pauni 20,000 kwa mwaka, na shahada ya Uskoti huchukua miaka minne. Viza ya mwanafunzi huruhusu kazi ya saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, na kwa ratiba ya studio hata hizo hazitimii. Vifaa vya sampuli za majaribio hununuliwa kwa pesa ya mwanafunzi, na jambo hilo halikuandikwa mahali popote nilipoomba nafasi. Bila ufadhili nisingesoma, na siwezi kumshauri mzazi auze shamba kwa ajili ya shahada hii.

Mtu anayekusudia kurudi nyumbani ahakikishe mapema kwamba shahada anayoiomba imeidhinishwa na taasisi ya kitaaluma ya wahandisi, kama ile ya wahandisi wa mitambo ya Uingereza, na asitosheke na neno uhandisi kwenye jina la kozi. Tanzania shahada ya nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ili itambuliwe, na bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi huwezi kufanya kazi kwa jina la mhandisi. Ofisa aliyepokea nyaraka zangu aliuliza kwa haki kabisa kama mimi ni mhandisi wa mitambo au msanifu, na orodha ya masomo ya miaka miwili ya kwanza ndiyo iliyomridhisha. Kazi zipo, ingawa tangazo lenye jina la fani hii utalitafuta sana. Arusha tunazo taasisi za umma kama TEMDO, ambayo husanifu na kutengeneza vifaa vikiwemo vya hospitali, na CAMARTEC ya zana za kilimo, na pembeni yake karakana binafsi zinazohitaji mtu anayeweza kuketi na mkulima asubuhi na kutoa mchoro wenye vipimo jioni.

Nampendekezea shahada hii kijana anayefungua redio mbovu ili aone ilivyoundwa, anayevumilia hesabu ndefu, na asiyeona aibu kumhoji mtu mzima kuhusu kazi yake. Anayetaka kubobea kwenye injini au miundo mikubwa atapata kina zaidi kwenye uhandisi wa mitambo wa kawaida, na anayependa sura ya vitu peke yake ataishi kwa taabu miaka miwili ya mwanzo. Kabla ya kulipa amana ya ada, mwombaji aandikie chuo na kuuliza karakana hufunguliwa saa ngapi na siku gani, kuna mafundi sanifu wangapi kwa idadi ya wanafunzi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaruhusiwa kutumia mashine zipi, na nani hulipia malighafi ya mradi wa mwaka wa mwisho. Chuo kisichoweza kujibu maswali hayo kwa maandishi, mimi nisingekipelekea fedha yangu.