Kozi ya mtandaoni kuhusu utetezi wa wazimu: tathmini ya mwanasheria

Nimemaliza kozi hii ya masomo manane kuhusu utetezi wa wazimu, yaani mshtakiwa kudai hana hatia kwa kuwa alikuwa mgonjwa wa akili alipotenda kosa, inayofundishwa na daktari wa magonjwa ya akili aliyezoea kutoa ushahidi mahakamani, nami naipendekeza kwa wanasheria hata kabla ya madaktari, kwa kuwa ni sisi tunaomtaka daktari atamke lililo kazi ya hakimu, yaani kama mshtakiwa ana hatia.

Somo la tatu ndilo bora. Linaanzia kwa Daniel M'Naghten, aliyempiga risasi katibu wa Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka 1843 akiamini kuwa chama cha Tory kinamwandama. Kanuni zilizotokana na kesi hiyo hazitosheki na ugonjwa peke yake; zinataka ijulikane kama ugonjwa ulimzuia mshtakiwa kuelewa alichokuwa akikitenda, au kujua kwamba ni kosa. Hapo ndipo ugumu ulipo. Daktari humkuta mtu aliyekwisha kutibiwa na kutulia, ilhali anaulizwa habari za akili yake miezi kadhaa nyuma, na inambidi aijenge upya hali hiyo kwa maelezo ya polisi, kauli za walioshuhudia na kumbukumbu za hospitali, huku akichunguza uwezekano wa kujifanya mgonjwa. Mfano wa mtu anayeficha silaha kwa kuogopa polisi, lakini anaamini kwa dhati kwamba Mungu ndiye aliyemwamuru kuua, niliurudia mara tatu: anajua sheria inakataza, je, anajua kwamba ni uovu?

Masomo yanayofuata yanahusu Marekani baada ya John Hinckley, aliyempiga risasi Rais Ronald Reagan, kuonekana hana hatia kwa sababu ya wazimu mwaka 1982. Mwalimu anaeleza vizuri kwa nini madaktari wenyewe waliunga mkono kuondolewa kwa kigezo cha kushindwa kujizuia: hawakuwa na kipimo cha kuaminika cha kutenganisha msukumo usiozuilika na ule ambao mtu hakuuzuia tu.

Somo la mwisho limenisikitisha. Yanayompata mshtakiwa baada ya hukumu yamepewa dakika chache, ingawa tangu mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya Marekani inaruhusu mtu aliyeonekana hana hatia kwa sababu ya wazimu azuiliwe hospitalini kwa muda unaozidi kifungo ambacho angepewa. Mteja anayefikiria utetezi huu anastahili kuambiwa hilo mapema, na wakili hawezi kumwambia asilofundishwa.