Pete ya Shaba Niliyouziwa kwa Jina la Adapta

Kamera yenyewe haina kosa. Ni Olympus OM-1 niliyoachiwa na marehemu baba mdogo, na shata yake hufanya kazi kwa springi bila kuhitaji umeme wowote. Kinachohitaji betri ni kipima mwanga peke yake, na hapo ndipo nilipouziwa mbuzi kwenye gunia.

Kipima mwanga hicho kiliundiwa betri ya zebaki ya volti 1.35, iitwayo PX625, ambayo iliondolewa sokoni kwa sababu ya sumu yake. Betri za silva za leo hutoa volti 1.55. Tofauti hiyo mtu anaweza kuidharau, lakini sindano ya kamera huihesabu kuwa ni mwanga ulioongezeka, nawe ukiifuata unaziba mwanga ambao filamu ilikuwa inauhitaji. Ndiyo maana kuna adapta, yaani pete za kushikilia betri ndogo ya leo mahali pa ile ya zamani, zenye dayodi ndogo ya kushusha volti, na ndiyo maana nilifurahi mno kusikia kwamba fundi mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, anazo. Nilimlipa shilingi 35,000 bila kuomba kupunguziwa, naye akaniapia kwamba dayodi imo ndani.

Haukupita muda mrefu tukawa na harusi ya mpwa wangu. Nikah ilisomwa mchana, wanaume wameketi kwenye majamvi chini ya mwembe, nami nikapiga mkanda mzima huku nikihakikisha kila mara kwamba sindano imetulia katikati. Nilipousafisha mkanda ule bafuni kwangu, negativu zilitoka nyepesi kama plastiki ya kufungia karanga. Kanzu zimeonekana vizuri, kofia zimeonekana, lakini nyuso zilizokuwa kivulini zimepotea kabisa. Mzee aliyeozesha, ambaye hapendi kupigwa picha na siku hiyo alikubali kwa heshima yangu, amebaki ndevu nyeupe na mkono ulioshika tasbihi.

Niliirudisha adapta kwa fundi nikiwa na multimita, kile kipimio cha umeme, mkononi, nikampimia mbele ya wateja wake: volti 1.55. Hakuinua hata macho. "Bwana mkubwa, mimi nauza, sifundishi. Nenda kwanza kajifunze kupima." Nimeishi Tanga miaka yangu yote, mji ambao hata anayekudai hukuamkia kwanza, na sikumbuki kujibiwa hivyo na mtu niliyempa fedha yangu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba katika hilo la kupima alisema kweli. Multimita hunyonya umeme kidogo mno, na dayodi isiyobebeshwa mzigo haishushi volti kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo nilirudi nyumbani nimenywea, nikaunga rezista iwe mzigo, nikapima upya, na volti zikabaki 1.5 na ushei. Hapo nikachukua wembe na lenzi ya kukuzia nikaichunguza pete pande zote. Haina dayodi, haina waya, haina hata alama ya risasi ya kuchomelea. Ni shaba tupu iliyotobolewa katikati. Nami ningelishtuka mapema, maana aliniwekea betri ya silva ya SR44 yenye kimo cha milimita 5.4 ndani ya nafasi ya takribani milimita 6. Dayodi ingekaa wapi? Adapta za kweli hutumia SR43, ambayo ni fupi zaidi, ili nafasi ibaki.

Nilitaka kumaliza kwa kusema msinunue kitu kwake kamwe. Lakini haki lazima isemwe: pete imechongwa vizuri, inakaa mahali pake bila kucheza, na sasa naitumia kila wiki. Ndani yake nimeweka betri ya vifaa vya kusaidia kusikia, namba 675, ambayo kwa umbo ni sawa na SR44 na hutoa volti 1.4, karibu kabisa na ile ya zebaki. Ukishabandua kile kikaratasi chake hewa inaingia na betri inaanza kuisha hata kamera ikiwa kabatini, na kwa unyevu huu wa pwani hainifikishi mbali. Hata hivyo mkanda wangu uliofuata ulitoka na nyuso zote.

Basi kanunueni mkitaka, kama pete. Mimi sidai 35,000 yote. Anirudishie bei ya dayodi, na siku nyingine aniamkie.