Spesa ya dukani au chupa ya maji? Nimezijaribu zote mbili kwa mwanangu mwenye pumu

Mbukwenyi wapendwa! Karibuni tena jikoni kwangu, hapa Nkuhungu, Dodoma. Leo sipiki. Mezani mnaona beseni la maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, na kando yake vitu vitatu: inhela ya bluu, yaani kile kikopo cha kupulizia dawa ya pumu, spesa ya kupitishia hiyo dawa niliyonunua duka la dawa miezi minane iliyopita, na hii hapa… ndiyo, ni chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, imetobolewa kitako. Kila nikikutana na mama mwenzangu sokoni Majengo swali ni hilo hilo: ninunue au nitoboe chupa? Leo nawajibu.

Kwanza niseme, hakuna aliyenilipa. Spesa nimenunua kwa hela yangu, chupa niliitoa chini ya kiti cha gari la mume wangu. Na mimi si daktari. Ni mama wa kijana wa miaka saba aliyeanza kubanwa na pumu akiwa na mitatu, kwa hiyo dozi za mtoto wako zungumza na daktari wake. Mimi nachambua makopo.

Kwa ambaye hajaiona, spesa ni kopo refu la plastiki. Huku unachomeka inhela, huku mtoto anaweka mdomo au anavaa barakoa. Katikati patupu. Ukiishika mara ya kwanza unahisi umepigwa: hela yote ile kwa kopo tupu? Nilimwuliza muuzaji hivyo hivyo, akacheka tu. Kumbe ule utupu ndio unaoulipia. Ngoja nisogeze kamera dirishani kwenye mwanga. Napuliza hewani bila spesa… mmeona ilivyochomoka? Kasi hiyo mtoto ataiweza wapi? Anatakiwa abonyeze na avute pumzi kwa wakati mmoja, tena polepole, jambo ambalo watu wazima wengi linawashinda. Dawa inagonga ulimi na koo, anaimeza, kifuani kinafika kidogo. Sasa napuliza ndani ya spesa. Mnauona ukungu ulivyotulia? Matone mazito yanashuka kwenye kuta, yale madogo yanabaki yanamsubiri mtoto avute kwa nafasi yake.

Sisi mwaka mzima wa kwanza tulikuwa tunampulizia mdomoni moja kwa moja. Duka tulilonunulia walitutilia inhela kwenye bahasha, wakasema "mbili asubuhi na jioni", tukaondoka. Mtoto anapuliziwa, anakohoa, anatema, na nusu saa baadaye tuko ndani ya bajaji kwenda hospitali kuwekwa mashine ya kuvutia dawa kama mvuke. Nikawa naapa kwamba dawa hii haipatani naye. Bibi yake mzaa baba, yuko Kongwa, akapata la kusema: "Si nilikwambia mwanangu, pampu inazoesha. Akishaizoea hataiacha." Nitarudi kwa bibi, msiwe na haraka.

Haya, spesa ya dukani. Ndani hapa kwenye mdomo kuna kipande chembamba cha mpira, ndiyo vali. Mtoto akivuta kinafunguka, akitoa pumzi kinafunga, kwa hiyo hairudishi pumzi yake ndani kuvuruga dawa. Sikilizeni nikivuta: tak… tak… tak. Mlio huo ndio saa yetu. Tunatikisa inhela, tunapuliza mara moja, MOJA, halafu tunahesabu tak tano au sita za pumzi za kawaida. Tunapumzika kama nusu dakika, tunatikisa tena, ya pili. Msipige mbili kwa mpigo eti mmalize haraka, ule ukungu unagandana na kuangukia kwenye kuta.

Sasa kituko chetu. Spesa hii ina kipenga. Wiki mbili za kwanza mtoto akivuta, kinalia fiii! Baba yake anapiga makofi, mimi napiga makofi, mtoto anavuta kwa nguvu zaidi kilie zaidi. Kumbe kinalia kukuonya kwamba unavuta kwa kasi mno! Imeandikwa kwenye karatasi ya maelekezo, kwa herufi za kutafutia miwani. Tukabadilisha mchezo: anayevuta kimyakimya ndiye mshindi. Kwa hilo la kipenga naipa sifa, ila karatasi ile waliyoiandika sijui walimwandikia nani.

Barakoa ilikuja nayo, na inafaa sana kwa watoto wadogo ambao hawajaweza kubana mdomo vizuri, chini ya miaka minne au mitano hivi. Lazima ishike pua na mdomo bila upenyo. Nina mpwa wangu wa miaka miwili, mama yake alikuwa anamshikilia kwa nguvu huku analia, akiamini kilio kinamfanya avute zaidi. Hapana. Mtoto anayelia anapata dawa kidogo mno. Tulimpa barakoa aivalishe mwanasesere wake kwanza, siku tatu nzima, ndipo akakubali. Wa kwangu alishaiacha, anatumia mdomo, ndiyo inayofikisha dawa vizuri zaidi kwa umri wake.

Usafi. Hapa ndipo watu wengi wanaiharibu, na mimi nilikuwa wa kwanza. Niliisugua kwa kitambaa ikang'aa kama glasi ya wageni, kesho yake ukungu wote ukanata kwenye kuta. Plastiki ukiisugua inapata umeme, ule unaosimamisha nywele ukivua sweta, na dawa inavutwa na kuta badala ya kwenda kwa mtoto. Kwa hiyo tazameni ninavyofanya: naitenganisha, naizamisha kwenye maji ya sabuni, naitikisatikisa, naitoa, na siipangusi. Inajikaukia yenyewe, imesimama wima. Utando wa sabuni unaobaki ndio unaopunguza ule umeme. Mara moja kwa mwezi inatosha, ila mimi kiangazi naosha kila wiki, kwa sababu mnalijua vumbi la Dodoma kuanzia mwezi wa sita. Unafuta meza saa mbili, saa nne unaweza kuandikia jina lako juu yake. Na kama maji ya kisima chenu yana chumvi kama ya mtaani kwetu, tumieni ya kunywa. Mimi niliona madoa meupe nikadhani dawa imeganda, kumbe ni chumvi.

Kasoro zake: bei. Ndani ya mtaa mmoja nilikuta tofauti ya Sh 15,000 kwa kitu hicho hicho, kwa hiyo zungukeni kwanza. Ni kubwa, haiingii mfukoni. Na vali ikijikunja au ikichanika hakuna fundi, unanunua nyingine.

Tuje kwenye chupa. Najua kuna watakaosema huu ni ushamba, mtoto wa mtu kuvutishwa dawa kwenye chupa ya maji. Basi sikilizeni. Mwaka 1999 profesa Heather Zar na wenzake huko Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha utafiti kwenye jarida la Lancet. Walichukua watoto waliobanwa na pumu, wakalinganisha spesa za kiwandani na za kujitengenezea, ikiwemo chupa ya plastiki ya nusu lita ya kinywaji baridi. Kwa watoto waliobanwa vibaya na wale wa wastani, chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na ya kiwandani. Iliyoshindwa ni kikombe cha polistirini, vile vyepesi vyeupe vya kutumia na kutupa.

Neno lenyewe ni "iliyozibwa". Yangu ya kwanza niliitoboa kwa mkasi. Tundu likatoka kama limetafunwa na panya, nikichomeka inhela inacheza, nikipuliza nahisi ubaridi kwenye kidole, maana yake dawa inanipata mimi. Ya pili nilikunja waya kwa umbo la mdomo wa inhela, nikaupasha moto kwenye jiko huku nimeushika kwa koleo, nikaugandamiza kwenye kitako cha chupa. Umetoboa mviringo safi, inhela imeingia kwa kubana, nikazungushia plasta pembeni. Fanyeni nje, moshi wa plastiki ni mbaya, na mwenye pumu asiwe karibu. Halafu ioshwe kwa sabuni kama ile nyingine na ikauke kabisa. Mtoto anabana mdomo wa chupa kwa midomo, anavuta na kutoa humo humo. Vali haina, kwa hiyo hamtasikia tak, inabidi uhesabu kifua kinavyopanda. Chupa iwe ya maji. Ya soda ya chungwa inanuka wiki nzima, mwanangu aliikataa.

Kwa nini nina zote mbili? Shule. Mwaka jana siku ya michezo alibanwa uwanjani, na inhela yake ilikuwa imefungiwa kabatini ofisini, ufunguo anao mwalimu mkuu, mwalimu mkuu yuko kikaoni mjini. Jina la shule silitaji. Tuliongea, yakaisha. Sasa chupa na inhela ya bluu vinakaa kwenye droo ya mwalimu wa darasa, ndani ya mfuko wenye zipu, pamoja na karatasi tuliyoandikiwa kliniki: akiwa salama fanya hivi, akianza kukohoa fanya hivi, na sehemu nyekundu. Hiyo nyekundu nimemsomea mwalimu kwa sauti: mtoto hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, midomo inabadilika rangi, au amepuliziwa na hapati nafuu. Hapo ni hospitali mara moja, na njiani mnaendelea kumpulizia kama karatasi inavyoelekeza. Chupa ikipotea shuleni silii, natoboa nyingine jioni.

Sasa bibi wa Kongwa. Hii ya bluu, salbutamol, inafungua njia za hewa zilizobanwa. Inafanya kazi ndani ya dakika chache na baada ya saa nne hadi sita imeisha. Haiondoi uvimbe ulio ndani ya hizo njia. Kazi hiyo ni ya dawa ya kuzuia, yetu ni ya kahawia, na hiyo inavutwa kila siku hata mtoto akiwa anaruka sarakasi. Bibi alichokiona ni kweli, mtoto alikuwa anaitaka bluu kila siku. Ila haikuwa kuzoea. Ilikuwa pumu isiyodhibitiwa, maana ile ya kahawia tulikuwa tunaiacha akipata nafuu. Mtoto wa shule akihitaji ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, rudini kliniki. Na baada ya ile ya kahawia asukutue mdomo na kutema, vinginevyo anaota utando mweupe ulimini. Bibi nilimweleza kwa simu, akanyamaza, akauliza, "Na hiyo kahawia inauzwa bei gani?" Nikajua nimesikika.

Jambo dogo kuhusu inhela zenyewe. Nyingi zina mipulizo 200. Mbili asubuhi, mbili jioni, siku 50 imekwisha. Lakini itaendelea kutoa upepo! Gesi inabaki wakati dawa imekwisha, na ukiitikisa unasikia kitu ndani. Kuielesha majini ili kupima hakusaidii, msifanye. Mimi naandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe ya kuanza na ya kuisha, hapa pembeni, mnaiona? Ishirini na tatu mwezi huu.

Na vumbi nililolilaumu miaka yote… nilianza kuandika daftari la siku anazobanwa. Nyingi zilianza na mafua. Vumbi lipo, baridi ya asubuhi ya mwezi wa saba ipo, jirani anayechoma taka Jumamosi naye yupo, lakini mafua ndiyo kinara. Kwa hiyo kamasi zikianza ndipo naitoa ile karatasi ya kliniki, sisubiri kifua kipige filimbi.

Basi, nani anunue nini? Kama mtoto ni mdogo wa kuhitaji barakoa, au anavuta dawa ya kuzuia kila siku, jibaneni mnunue ya dukani. Kama hela haipo leo, msimpulizie mdomoni mkisubiri mwisho wa mwezi, toboeni chupa jioni hii na muipeleke kliniki waione. Ya dukani naipa nane kwa kumi, mbili nimekata kwa bei na ile karatasi. Chupa naipa saba, na ile ya mkasi sifuri.

Vali yangu naiona imeanza kujikunja hapa ukingoni, inabidi niiangalie vizuri. Nazima kamera, maji yangu ya sabuni yanapoa.